Sikio la Mzee Machibya

Mabatini, hapa Mwanza, ukisema gari lako linasumbua, hakuna atakayekuuliza umelipeleka gereji gani. Watakuuliza kama Machibya ameshalisikiliza. Mafundi wengine walikuwa na spana, jeki na maneno mengi. Mzee Machibya alikuwa na sikio. Unawasha gari, yeye anainamisha kichwa upande kama kuku anayekagua punje, anafumba macho, na kabla hujamaliza kueleza shida zako anakuambia ni beringi ya alteneta, nenda kanunue hii, usikubali kuuziwa ile. Watu wa Sengerema walikuwa wanampigia simu na kuiweka juu ya injini ili asikilize akiwa huku upande wa pili wa maji. Hakuwa anakosea, na alijua kwamba hakosei, na sisi tuliomzunguka tulimsaidia kujua hivyo kila siku.

Nathaniel alikuwa fundi umeme katika uwanja ule. Alikuja kutoka Majita na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikumfungulia mlango wowote, Machibya akamfundisha kazi tangu namna ya kushika bisibisi, na miaka sita baadaye akamwoza Hellen, binti yake wa pili. Kwa hiyo mzee alikuwa kwake mwalimu, bosi na baba mkwe kwa pamoja, na mtu wa namna hiyo hupati pa kumpingia. Mkwe akisema, unaitikia. Akipotea njia, unapotea naye mpaka mwenyewe agundue. Nathaniel hakuwa Msukuma kama mzee, lakini hilo hakuhitaji kufundishwa. Hata kwao Majita mambo ni hayo hayo.

Ijumaa moja, saa tisa alasiri, gari la mama Celestina liliingia pale uwanjani kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Liliingia likikohoa, likazima lenyewe kabla halijafika kwenye kivuli.

Celestina alikuwa mwalimu wa sekondari, Mhaya wa Muleba ambaye sasa alikuwa mtu wa Buswelu kwa miaka ishirini. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelala mume wake, mwalimu Ponsian, mstaafu aliyefundisha kwaya za Kilutheri kuanzia Bukoba hadi Mwanza, mpaka figo zilipomgomea. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipelekwa hospitali ya kule kilimani kusafishwa damu kwa mashine, saa nne nzima kila mara. Mgonjwa wa aina hiyo hana neno la nitakwenda kesho. Akikosa zamu moja, maji yanabaki mwilini na kuanza kutafuta njia ya kifuani. Nathaniel alielezwa hayo yote siku ya kwanza gari lilipoletwa, na alielewa vizuri kwamba gari lile lilikuwa sehemu ya dawa.

Celestina akaeleza tena, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kurudia somo. Asubuhi gari linachelewa kuwaka. Unapiga starta mpaka unaionea huruma betri. Likishawaka linakwenda vizuri sehemu tambarare, lakini likikuta mlima linakuwa zito, unakanyaga mafuta na halisikii, linamisi, linataka kuzima. Mafuta yakipungua kwenye tangi na jua likiwa kali, ndiyo balaa zaidi. Mara ya kwanza walibadilishiwa plagi, likatulia siku nne. Mara ya pili wakasafishiwa njia ya hewa na kuwekewa koili mpya, likatulia siku tano. Safari hii, asubuhi ile ile, lilikuwa limesuasua pale pale kwenye kupanda kwenda hospitali, mpaka wauza machungwa wakasukuma.

Nathaniel alichomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani. Alikuwa ameinunua mwaka uliopita, na mzee aliipenda mashine ile kama mwanamke anavyompenda mke mwenza. Ikatafuta, ikatafuta, ikaandika kwamba haioni kosa lolote. Machibya alicheka hadi mabega yakatikisika, akamwambia aizime asije akaumaliza umeme wa watu. Lakini Nathaniel hakushangaa. Gari lile lilikuwa la zamani. Kompyuta yake haikuwa na njia ya kujua kama mafuta yanafika kwenye injini kwa nguvu au yanachuruzika tu. Hilo ungelijua kwa geji ya kupimia msukumo wa mafuta, ambayo hapo uwanjani haikuwapo, au kwa sikio.

Wakati huo mwalimu Ponsian aliinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto. Alikuwa mtu wa heshima hata akiwa amelala.

"Fundi," alisema, "hapa chini ya kiti, palipo sikio langu, kuna kitu huwa kinaimba mke wangu akigeuza ufunguo. Zamani kilikuwa kinaimba sauti ya kati. Mwezi huu kimeshuka, kimekuwa besi, tena besi mwenye mafua. Leo kilikata katikati ya mlima, na gari likakata."

Ukitaka kujua ugonjwa wa gari, hakuna mtu pale aliyewahi kuueleza vizuri kuliko hivyo. Pampu ya mafuta ya gari lile ilikuwa ndani ya tangi, na tangi lilikuwa chini ya kiti cha nyuma. Ukigeuza ufunguo kabla ya starta, pampu inanguruma sekunde mbili hivi, halafu inanyamaza ikisubiri injini. Mlio ule ndio uhai wake. Nathaniel akahisi kitu kimekaa sawa kichwani, akamtazama mzee.

Lakini Machibya hakuwa amesikia. Alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, macho yake yakitoka uso hadi uso. Nathaniel alikuwa ameizoea tabia hiyo miezi mingi sasa bila kujiuliza: mzee akiulizwa swali, alitazama kwanza watu wengine wamekunja uso au wametabasamu, ndipo alijibu. Celestina akamrudishia maneno ya mume wake kwa sauti ya darasani. Machibya akatabasamu, akasema mwalimu ni fundi wa nyimbo, na yeye ni fundi wa magari, ila kwa heshima ya mgonjwa ataisikiliza hiyo pampu.

Walimsaidia mwalimu Ponsian kushuka, wakamkalisha kwenye benchi la Yeremia, fundi wa bodi, ambaye aliacha kugonga bati kwa muda. Mzee akainua mto wa kiti cha nyuma, akapiga magoti, akaweka sikio karibu na kifuniko cha tangi. Mbele, Nathaniel alikuwa amefungua kiboksi cha fyuzi. Kazi yake kama fundi umeme ilikuwa kuanzia hapo, kwa hiyo alichomoa fyuzi ya pampu na kuishika kwenye mwanga aone kama miguu yake imeungua. Haikuwa imeungua. Akaanza kuikwangua kutu kwa kucha.

"Washa," mzee alisema.

Celestina akageuza ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka. Chini ya kiti hakukuwa na mlio wowote, wala usingeweza kuwapo, kwa sababu fyuzi ilikuwa katikati ya vidole vya Nathaniel.

Machibya alibaki amefumba macho kwa muda wa kutosha. Kisha akainuka, akajifuta magoti, akasema mbele ya watu wote kwa sauti yake ile ya hukumu:

"Inalia. Pampu ni nzima kabisa."

Nathaniel alisimama na fyuzi yake mkononi. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, dogo kama ukucha. Alichotakiwa kufanya ni kuinyanyua na kusema: baba, fyuzi ninayo mimi. Wangecheka, wangerudia. Lakini alijua hawangecheka. Yeremia alikuwa anatazama. Mafundi wawili wa jirani walikuwa wamesogea kumwona mzee akifanya kazi, kama kawaida yao. Mteja alikuwepo, na mgonjwa. Akairudisha fyuzi mahali pake taratibu, akafunga kiboksi.

Mzee alipoagiza gari liwashwe moja kwa moja, Nathaniel alikuwa amesogea mlango wa nyuma, na sasa aliisikia pampu. Ilikuwa inanguruma kwa shida, inavuta, inalegea, inavuta. Injini ilichukua muda mrefu kushika. Machibya akasema ni plagi. Zile za mara ya kwanza zilikuwa feki, zibadilishwe zote. Zikabadilishwa. Injini ilikuwa imeshapoa kidogo, gari likawaka vizuri zaidi, na kila mtu akaona mzee amepatia.

Celestina alipokuwa anaondoka alishusha kioo, akamwita Nathaniel pembeni. Alimwuliza yeye, kwa sauti ya kawaida, na macho yake yalikuwa yamechoka.

"Na wewe, Nathaniel, unaonaje? Jumatatu nimbebe mwalimu na hili?"

Machibya alikuwa hatua nne nyuma yake akifuta mikono. Nathaniel alitazama chini.

"Mashine haioni kosa, mama," akasema.

Maneno yale yalikuwa ya kweli, na ndiyo ubaya wake. Uongo mtupu ungemkaa kooni. Ukweli wa nusu ulishuka kama uji. Tangu utoto tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini sijui nani aliwahi kutufundisha la kufanya siku mkuu mwenyewe asiposikia. Gari lilitoka uwanjani likashika barabara ya kwenda Nyakato, mwalimu Ponsian akiwa amelala juu ya ile pampu.

Nyumbani kwake Buhongwa, Nathaniel alimweleza mke wake kila kitu. Alitegemea Hellen angeshtuka, lakini Hellen aliendelea kumenya viazi.

Alisema nani asiyejua? Taarifa ya habari kwa baba inasikika mpaka kwa majirani. Mama anaongea naye kwa kupiga meza. Miaka thelathini ya kukaa kati ya nyundo za mabati, mtu angebaki na masikio ya nini? Kitu alichokuwa bado nacho ni sauti nene, mngurumo wa lori, sauti ya wanaume wakipaza. Zile nyembamba na ndogo zilikuwa zimeondoka moja moja, kimyakimya. Ila Hellen alimwonya asithubutu kumwambia mzee yeye mwenyewe. Mkwe hamwambii mkwe jambo kama hilo. Lazima lipite kwa mama mkwe, mama Tereza, na yeye atachagua siku.

Nathaniel akasema Jumatatu mgonjwa anapanda tena kilimani. Hellen akampigia mama yake palepale. Mama Tereza akasema vema, atamwambia Jumapili jioni, wakishatoka kanisani na kula, maana mwanaume akiwa ameshiba anasikia vizuri zaidi. Nathaniel hakucheka. Alifikiria kumpigia mama Celestina moja kwa moja, amwambie abadilishe pampu bila kuuliza. Aliishika simu. Halafu akaona mama Celestina atampigia mzee kumwuliza kulikoni, kwa sababu ni mtu wa utaratibu, na mzee atajua mkwe wake amempitia kwa nyuma. Akaiweka simu mezani.

Jumapili jioni walikuja wageni kutoka Kwimba, wazee watatu, kuzungumzia posa ya mdogo wake Hellen. Huwezi kumwambia mtu ni kiziwi mbele ya watu wanaokuja kuoa kwake. Mama Tereza alituma ujumbe kwamba imeshindikana, ataongea naye Jumatatu jioni. Nathaniel aliusoma ujumbe ule mara mbili, na aibu iliyompata ni kwamba alifarijika.

Jumatatu saa moja na robo asubuhi simu yake iliita. Celestina alisema amempigia mzee mara tano hapokei. Gari limezima kwenye mlima wa hospitali, limekataa kuwaka, na mwalimu anahema vibaya.

Nathaniel alichukua pikipiki kutoka Buhongwa mpaka mjini, na njia nzima alikuwa akimwambia dereva aongeze, huku akijua anakimbilia jambo ambalo lilitakiwa kumalizwa Ijumaa kwa neno moja. Foleni ya asubuhi iliwakamata Mkuyuni wakasimama pale wanatazamana na ziwa. Alipofika kilimani alilikuta gari limeegeshwa upande upande, jiwe nyuma ya tairi, milango yote wazi. Celestina na mumewe hawakuwepo. Muuza machungwa mmoja akamweleza. Yule mama alipiga starta muda mrefu sana, akiamini litawaka kama linavyowakaga, mpaka betri ikaanza kuishiwa. Baba wa watu hakuweza kutembea wala kukaa kwenye pikipiki. Bajaji mbili zilikataa kupandisha mlima na mgonjwa kama yule, wakiogopa atawafia. Ya tatu ikakubali, wanaume wanne wakambeba.

Ufunguo ulikuwa umeachwa kwa muuza machungwa. Nathaniel aliinua kiti cha nyuma, ambacho mto wake bado ulikuwa na kishimo cha kichwa, akageuza ufunguo, akasikiliza. Kimya. Akaingia chini ya gari akapiga tangi kwa mpini wa nyundo, ujanja wa mafundi wa kuiamsha pampu inayokufa. Akapiga mara tatu. Ikaamka, ikanguruma kwa uchovu, na injini ikashika kwa betri ile ile iliyokuwa inazimika. Gari likapanda kilima mpaka getini likiwa na kiti kitupu.

Mwalimu Ponsian alikuwa amefika saa mbili na nusu kwa zamu ya saa moja. Mashine yake ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine, na hakuna wa kumlaumu, kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na mashine chache. Walimwandikia kesho asubuhi na kumpumzisha. Lakini maji hayakusubiri kesho. Usiku ule yalimpanda kifuani, akakimbizwa wodi ya wagonjwa mahututi na kuwekewa oksijeni.

Habari zilipofika uwanjani, Machibya alikaa chini kwanza. Alikuwa anampenda yule mwalimu. Kisha akawaeleza watu jinsi pampu za mafuta zinavyokufa ghafla, kama mgonjwa wa moyo: leo mzima, kesho hayupo. Ijumaa ilikuwa inalia, yeye mwenyewe ameisikia. Yeremia akaitikia, wale mafundi wa jirani wakaitikia. Na jioni ile mama Tereza hakumwambia kitu, kwa sababu alimkuta ana huzuni na akaona si wakati wake.

Jumatano Nathaniel alikwenda hospitalini na Hellen, wamebeba machungwa na uji ambao hakuna aliyeweza kuunywa. Hawakuruhusiwa kuingia wote. Aliingia Nathaniel dakika mbili. Mwalimu Ponsian alikuwa na barakoa ya plastiki usoni, na kifua kilikuwa kinafanya kazi ngumu, kinavuta, kinalegea, kinavuta. Nathaniel aliufahamu mwendo ule. Akatoka nje kabla dakika mbili hazijaisha.

Celestina alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni. Alimshukuru kwa kuja. Akasema hamlaumu mtu, mzee aliisikiliza pampu kwa sikio lake na ilikuwa nzima, basi imekufa ghafla, ni mipango ya Mungu. Nathaniel alifungua mdomo. Akaona mikono ya mama yule, ilivyokunjwa juu ya mkoba, ilivyotulia kwa sababu ya uongo ule. Akajidanganya kwamba akinyamaza atakuwa anamhurumia. Akamwambia Mungu yupo, mama, akaenda zake. Siku zile alikuwa hali, hacheki, na Hellen alipomgusa usiku alikuwa macho.

Mungu alikuwepo kweli. Baada ya siku nane mwalimu Ponsian alitolewa oksijeni, na Jumanne iliyofuata Celestina aliambiwa aje kumchukua. Siku hiyo Nathaniel alikuwa ameitwa Nyegezi tangu alfajiri kutengeneza taa za lori, kwa hiyo hakuwepo wakati shemeji wa Celestina alipoleta pampu ya mtumba, wala wakati Machibya alipoifunga kwa mikono yake mwenyewe. Alirudi saa nane mchana. Alikuta gari limesimama katikati ya uwanja limeoshwa, Celestina amevaa kitenge kizuri na ufunguo uko mkononi mwake, anakwenda kumrudisha mume wake nyumbani.

Ila alitaka kitu kimoja kabla ya kuondoka. Alitaka mzee amsikilizie, mara ya mwisho, kwa ajili ya amani yake. Wakakusanyika kama kawaida. Machibya akapiga magoti, akainamisha kichwa, Celestina akageuza ufunguo.

Safari hii mlio ulikuwepo. Ulikuwa mwembamba, mkali, kama mbu aliyeingia sikioni, kisha ukashuka ghafla, ukapanda tena ukikwaruza. Nathaniel aliusikia akiwa bado na begi lake la vyombo begani. Ile pampu ya mtumba ilikuwa imekula mchanga mahali fulani, na ilikuwa na safari chache ndani yake, pengine moja. Akamtazama Yeremia. Yeremia alikuwa ametazama ardhi.

Machibya akainuka akitabasamu, tabasamu la kwanza kwa siku nyingi.

"Inalia vizuri, mama. Nenda kamchukue mwalimu."

Celestina akaweka mkono kifuani, akasema asante Mungu, akafungua mlango wa dereva.

Nathaniel akashusha begi chini. Akatembea mpaka karibu na baba mkwe wake, akasimama kando yake kama inavyompasa mtu kusimama, akainamisha kichwa, na kwa sauti ya chini, sauti ya kumwambia mkwe, akasema:

"Baba, pampu hii nayo ni mbovu. Naomba asiondoke."

Mzee akamgeukia. "Unasemaje?"

"Pampu ni mbovu, baba."

Machibya akatazama uso wake, akatafuta humo jibu, akalikosa. Akacheka kidogo. "Sema, mkwe, unataka nini? Betri?"

Gari likawaka. Celestina alikuwa ameshaweka gia. Nathaniel akaona kwamba hakuna njia nyingine. Hakuna mama Tereza, hakuna Jumapili jioni, hakuna pembeni. Akapiga boneti kwa kiganja ili Celestina asimame, akavuta pumzi, na akamwambia mkwe wake kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtu mzima:

"Baba, husikii! Pampu inakufa, na wewe huisikii!"

Watu wa duka la spea la pale jirani walitoka mlangoni. Celestina akazima injini, akashuka. Machibya alisimama katikati yao, mikono ikiwa na mafuta, akatazama uso hadi uso kama kawaida yake. Kwa Yeremia, kwa wale mafundi wa jirani, kwa mwenye duka. Alikuwa anatafuta yeyote aliyeshangaa, ili aseme huyu kijana amechanganyikiwa. Hakumpata hata mmoja.

Akakaa kwenye ukingo wa mlango wa gari. Aliuliza, na sauti yake ilikuwa imekosa kipimo, kubwa kupita kiasi, kuhusu ile pampu ya Ijumaa. Nathaniel akamjibu kwa sauti ile ile. Alisema siku ile fyuzi ilikuwa mkononi mwake, pampu haikuwa na umeme, hakukuwa na kitu cha kusikia.

Mzee alifunika uso kwa viganja vyake vyeusi.

Celestina hakuwa anamtazama mzee. Alikuwa anamtazama Nathaniel, na ule utulivu wake wa benchi la hospitali ulikuwa umeondoka wote usoni.

"Ijumaa ile nilikuuliza wewe," alisema. Hakupaza sauti. "Sikumwuliza mzee, nilikuuliza wewe. Ukaniambia mashine haioni kosa."

Celestina akauweka ufunguo juu ya boneti, akachukua mkoba wake, akatembea hadi barabarani, akasimama pale akingoja teksi ya kumpeleka kwa mume wake.

Machibya alikuwa ameteremsha viganja. Alikuwa ameiona midomo ya mama Celestina ikisogea na hakuambulia chochote. Akamgeukia Nathaniel, na mbele ya watu wote wa Mabatini akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Mama amesemaje?"

Nathaniel alitazama chini, kwa mazoea. Kisha akainua uso, kwa sababu mtu anayetazama chini hasikiki.

"Amesema aliniuliza."

Mzee akatikisa kichwa, hakupata. Akasogea karibu, mkono ukiwa bado sikioni, akisubiri kwa unyenyekevu ambao Nathaniel hakuwahi kuuona kwake. Kule barabarani mama Celestina alikuwa amewapa mgongo, hatua ishirini hivi, na lolote ambalo mzee angelisikia, yeye pia angelisikia. Nathaniel akalisema upya, kwa nguvu zake zote.

"Amesema aliniuliza, baba. Na mimi nilijua."